Nani Abebe Jiko? Utangulizi wa Huduma za Wavuti za Java kwa Programu Inayohama

Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anajua kuwa siku ya kuhama ndiyo siku ya hesabu. Feni ya darini uliyoizoea miaka mitatu, kumbe ni ya nyumba. Jiko la gesi ni lako, ila kule uendako mwenye nyumba ana lake, limejengewa ukutani, na hataki kuona la pili. Ulipokuwa umetulia, maswali haya hayakuwepo. Chai ilichemka kila asubuhi, na hakuna aliyeuliza jiko ni la nani.

Fani ninayokukaribisha, msomaji, imezaliwa na swali hilohilo. Programu ya Java inayotoa huduma za wavuti ni mpangaji. Seva ya programu inamoishi, iwe WebLogic, WebSphere, WildFly, GlassFish au Tomcat, ni nyumba. Zana inayoisaidia kupokea na kutuma ujumbe, kama Axis, Metro au CXF, ndiyo jiko. Ikifika siku taasisi inabadili seva, labda kwa sababu leseni imepanda bei, labda kwa sababu mteja mpya ana seva yake na hataki nyingine, ndipo walioandika programu wanapogundua kama waliwahi kujiuliza jiko ni la nani.

Wanaoanza huuliza, "Zana ipi ni bora?" Swali hilo lina mabishano mengi na majibu machache. Katika kurasa hizi nitakupa lingine: ndani ya programu yako, nani analeta zana, wewe au seva? Ukilijibu waziwazi, kuchagua jina la zana huwa kazi ya alasiri moja. Ukiliacha lijijibu lenyewe, hata zana iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa itakutoa jasho siku ya kuhama.

Huhitaji ubingwa ili kuendelea kusoma. Kama umewahi kuandika klasi ya Java na kupandisha faili la WAR kwenye Tomcat, mtaji ulio nao unatosha.

Kazi ya zana

Tuanze na kazi yenyewe. Tuseme mamlaka ya maji ina programu ya ankara, na benki ina programu ya malipo. Moja imeandikwa kwa Java, nyingine kwa lugha tusiyoijua, na wala hatuna haja ya kuijua. Benki inataka kuuliza: mteja mwenye namba hii anadaiwa kiasi gani? Huduma ya wavuti ni makubaliano yanayoziwezesha mashine hizi mbili kuulizana na kujibizana bila kujuana kwa undani.

Katika mila ya SOAP, swali husafiri kama hati ya XML yenye bahasha, na ndani ya bahasha mna kichwa na mwili. Toleo la 1.1 la SOAP liliwasilishwa kwa taasisi ya W3C mwezi Mei 2000. Mwaka uliofuata likaja WSDL 1.1, ambalo ni mkataba: linataja huduma ina shughuli zipi, kila ujumbe una umbo gani, na upelekwe anwani ipi. Kwa Kiingereza neno hilo SOAP maana yake ni sabuni, na walioanza nayo miaka ile wanakumbuka ilivyokuwa ikiteleza mikononi.

Unaweza kuandika bahasha hizo kwa mkono, lakini ni kazi ya kukera na yenye makosa mengi. Zana hukufanyia mambo manne. Husoma XML na kuigeuza kuwa vitu vya Java. Huita methodi inayohusika. Hugeuza jibu lirudi kuwa XML. Na hubeba yale yanayozunguka mazungumzo: sahihi ya kidijitali, viambatisho, taarifa za makosa, muda wa kusubiri. Matatu ya mwanzo yamewekewa viwango kwa muda mrefu, na zana nyingi huyafanya kwa namna inayofanana. Shida za kuhama hujificha katika la nne, na katika jambo moja ambalo halimo kabisa kwenye orodha: zana yenyewe inapakiwaje ndani ya seva.

Majiko yalikotoka

Historia fupi itakusaidia kusoma mifumo ya zamani, maana utakutana nayo kazini. Kampuni ya IBM ilitoa msimbo wake wa SOAP4J kwa shirika la Apache, ukawa Apache SOAP, kisha kazi ikaandikwa upya na kuitwa Axis. Axis 1.0 ilitoka 2002, mwaka uleule uliozaa JAX-RPC, kiwango cha kwanza cha Java kwa kazi hii, ambacho kiliingia rasmi katika J2EE 1.4 (jukwaa ambalo baadaye liliitwa Java EE) mwaka 2003.

JAX-RPC ilichukulia ujumbe kama wito wa methodi iliyo mbali. Wazo hilo lilipendeza machoni, ila namna ya kusimba data ndani ya XML iliachwa huru mno. Seva mbili za watengenezaji wawili ziliweza kutii maandishi yaleyale na bado zisielewane. Ndiyo maana muungano wa WS-I, ulioundwa 2002, ulitoa mwongozo ulioitwa Basic Profile na kupiga marufuku usimbaji ule. Ukikuta leo WSDL yenye maneno rpc na encoded pamoja, umekutana na mzee wa kipindi hicho. Mheshimu, lakini usimwige.

Mwaka 2006 ndio uliobadili ramani. JAX-WS 2.0, kiwango kilichorithi JAX-RPC, na JAXB 2.0, kinachogeuza XML kuwa vitu vya Java, viliingia katika Java EE 5, na kabla ya mwaka kwisha vikawemo ndani ya Java SE 6 yenyewe. Sasa klasi ya kawaida yenye anotesheni ya @WebService ilitosha kuwa huduma. Axis2 1.0 ilitoka mwaka huohuo ikiwa na injini mpya na njia yake yenyewe ya kusoma XML. Miradi miwili, XFire na Celtix, iliungana chini ya Apache na kuzaa CXF. Kampuni ya Sun ikawa na Metro ndani ya GlassFish. Mwaka 2007 Spring Web Services 1.0 ikaja na msimamo wake: mkataba uandikwe kwanza, msimbo baadaye.

Lakini habari ya kukumbuka kuliko miaka yote hiyo ni hii: wenye nyumba nao walinunua majiko hayohayo. JAX-WS ya WebLogic imejengwa juu ya Metro. Ile ya WebSphere ya kale imejengwa juu ya Axis2. JBoss, ambayo toleo lake la wazi sasa linaitwa WildFly, ilihamia CXF, na CXF hiyohiyo imo ndani ya TomEE na Open Liberty. Kwa hiyo unapoweka CXF yako ndani ya WAR na kuipandisha WildFly, unaingiza jiko katika nyumba ambayo tayari ina jiko la aina hiyohiyo, pengine la mwaka mwingine. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawakuwa na habari za seva za Java, lakini wangezielewa upesi.

Akina Juma wawili

Tusogee karibu tuone fahali hao wanavyopigana, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha fani nzima.

Klasi ya Java haitambulishwi na jina lake peke yake. Hutambulishwa na jina pamoja na kipakiaji kilichoiingiza kwenye kumbukumbu. Fikiria Juma bin Ali wa Tanga na Juma bin Ali wa Lamu: majina ni mamoja, watu ni wawili, na cheti cha mmoja hakimfai mwenzake. Ndiyo sababu ya lile kosa linalowaduwaza wanafunzi, ClassCastException, linalosema klasi fulani haiwezi kugeuzwa kuwa klasi yenye jina lilelile, herufi kwa herufi. Mwanafunzi hulisoma mara tatu na kudhani mashine imerukwa na akili. Mashine ina akili timamu. Inawajua akina Juma wote wawili.

Wanaingiaje wote wawili? Seva ina kipakiaji chake, na kila programu hupewa cha kwake chini ya kile cha seva. Swali ni nani aulizwe kwanza. Kwa desturi ya Java, mzazi huulizwa kwanza, na WebLogic, WebSphere na GlassFish hufuata desturi hiyo pasipo agizo jingine. Tomcat hufanya kinyume: hutazama kwanza maktaba zilizomo ndani ya WAR, isipokuwa klasi za Java yenyewe na chache za seva.

Sasa chukua WAR yako iliyoishi vizuri kwenye Tomcat. Ndani ya WEB-INF/lib umeweka maktaba ya kusoma WSDL, toleo jipya. Unaipandisha kwenye seva kubwa yenye maktaba hiyohiyo, toleo la zamani. Mzazi anaulizwa kwanza, anajibu, "Ninayo," na lako halifunguliwi kabisa. Programu inawaka bila tatizo. Siku ya pili mtu anagusa sehemu inayoita methodi iliyokuja na toleo jipya, na kosa la NoSuchMethodError linatokea mbele ya mteja. Wakati wa kukusanya msimbo hakuna kilicholalamika, kwa sababu kwenye kompyuta yako Juma alikuwa mmoja.

Unatafuta dawa na unaipata: iagize seva iulize programu kwanza. Kwenye WebLogic unaandika prefer-web-inf-classes katika faili la weblogic.xml. Kwenye GlassFish unaandika delegate="false". Kwenye WebSphere unachagua PARENT_LAST. Kwenye WildFly, ambayo hupanga maktaba kwa moduli, unaandika jboss-deployment-structure.xml na kutaja moduli usizozitaka. Wenye nyumba wanne, namna nne za kuomba jambo moja, na hakuna hata moja iliyomo katika kiwango cha Java EE. Faraja ni kwamba mafaili haya hayagombani: WAR moja inaweza kubeba la WebLogic, la GlassFish na la WildFly, na kila seva ikasoma la kwake na kuyapita mengine.

Dawa hiyo nayo ina masharti. Kama ndani ya WAR umebeba hata faili la violesura vya kiwango, mathalani lile la JAXB, na seva ikakukabidhi kitu kilichotengenezwa kwa nakala yake ya violesura hivyohivyo, umewarudisha akina Juma wawili mlango mmoja. Kosa huwa ClassCastException, au LinkageError yenye malalamiko kwamba vipakiaji havikubaliani. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni fupi: kubeba nusu ni hatari kuliko kubeba vyote na kuliko kutobeba chochote.

Pale kiwango kinaponyamaza

Kuna wanaosema, "Nitaandika kwa JAX-WS tupu, nisitaje zana yoyote, nami nitahama nitakavyo." Ni msimamo mzuri, na kwa huduma nyepesi unatosha. Lakini kiwango ni kama mkataba wa upangaji: kinachokuumiza ni kile ambacho hakikuandikwa.

Mfano wangu ni muda wa kusubiri, kwa kuwa ni mdogo na madhara yake ni makubwa. Programu ya mamlaka ya maji inaiuliza benki jambo. Benki imekwama, haijibu. Programu isubiri mpaka lini? JAX-WS 2 haikuweka jina la pamoja la mpangilio huo. CXF, usipoiambia lolote, husubiri sekunde 30 kupata muunganisho na sekunde 60 kupata jibu, kisha hukata tamaa na kutoa kosa. Metro, usipoiambia lolote, haikati tamaa: hungoja. Msimbo ni uleule, anotesheni ni zilezile, na majaribio yote ya kazi yamepita. Umehama tu kutoka seva yenye CXF kwenda seva yenye Metro. Siku benki inapokwama, kila ombi linashika uzi mmoja wa seva na kukaa nao. Baada ya robo saa nyuzi zimekwisha, na hata anayetaka kuangalia ukurasa usiohusiana na benki anakuta seva kimya. Mhandisi wa zamu anatazama kichakataji, kimepoa. Anatazama kumbukumbu, ipo tele. Kila mtu ndani ya nyumba yumo kwenye foleni ya kusubiri mgeni asiyekuja.

Usalama wa ujumbe ni mfano wa pili. Kiwango cha WS-Security kinaeleza sahihi na usimbaji fiche vikaeje ndani ya bahasha, hivyo zana zinaelewana njiani. Lakini funguo zako ziko wapi na ni sehemu gani ya ujumbe itiwe sahihi, hayo kila zana huyapokea kwa lugha yake. CXF huyategemeza kwa WSS4J, Axis2 kwa moduli ya Rampart, Metro kwa sera zilizoandikwa pembeni ya WSDL. Huduma yenye sahihi za kidijitali inapohama zana, sehemu hii huandikwa upya.

Mfano wa tatu ni upandishaji. Seva kamili ya Java EE ikiona @WebService hufungua huduma yenyewe. Tomcat haina habari nayo mpaka zana uliyobeba iwe na servleti yake na faili lake la mipangilio: Metro hutaka sun-jaxws.xml, Axis2 hutaka services.xml, na CXF ina lake. Ukichukua WAR ya namna hiyo ukaipandisha kwenye seva kamili, seva na zana yako wote wataiona anotesheni ileile, na wote watataka kuihudumia. Ndiyo maana anayebeba zana yake kwenda WildFly huiambia seva, katika lile faili la jboss-deployment-structure.xml, izime kabisa mfumo wake wa huduma za wavuti kwa programu hiyo.

Njia tatu za kuhama

Kutokana na hayo, wanaofanya kazi hii wamejikuta katika kambi tatu.

Kambi ya kwanza hutumia jiko la nyumba. Hawabebi zana wala violesura. WAR yao ni nyepesi, na msimbo wao unataja vifurushi vya kiwango tu. Faida ni kwamba mtengenezaji wa seva anawajibika kwa zana, anaifanyia marekebisho ya usalama, na ukilipia msaada unaupata. Gharama ni kwamba kila seva unayolenga lazima uijaribu, hasa pale kiwango kiliponyamaza. Wahenga wa pwani walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Anayechagua njia hii anaisafiria nyota ya seva, basi na aijue vizuri.

Kambi ya pili hubeba jiko lao, lote kamili, na kumwomba mwenye nyumba azime lake. Tabia ya programu hubaki moja kila inapokwenda: muda wa kusubiri ni uleule, usalama ni uleule, makosa ni yaleyale. Gharama ni yale mafaili ya kila seva, na wajibu wa kusasisha maktaba unabaki mabegani mwako. Likitangazwa tundu la usalama kwenye CXF, hakuna mwenye nyumba atakayekuja kukuzibia.

Kambi ya tatu ni ya kobe: hubeba nyumba yenyewe mgongoni. Spring Boot, iliyotoka 2014, iliifanya kawaida desturi ya kufunga seva ndani ya programu, na makontena ya Docker yakaongeza hata mafaili ya mfumo wa uendeshaji. Kwa mifumo mipya njia hii imeondoa ugomvi mwingi. Haijauondoa wote. Bado zipo benki na idara zenye kanuni kwamba kila programu iishi kwenye seva iliyoidhinishwa, na kobe hapokelewi mlangoni.

Kambi zote tatu zina watu wenye busara. Wanaoumia ni wale waliosimama katikati bila kujua: wamenakili mafaili ya JAR kutoka mradi wa zamani, mengine ya kiwango, mengine ya zana, na mpango mzima ukafanya kazi kwenye seva ya kwanza kwa bahati.

Kuhama mahali, kuhama wakati

Tulizoea kuiona safari ya programu kama safari ya mahali, kutoka seva hii kwenda ile. Miaka ya karibuni imetufundisha kuwa programu huhama pia katika wakati.

Dalili za mwanzo zilikuwepo tangu Java SE 6. Ilipotoka ilibeba JAX-WS 2.0; toleo lake dogo la 4 likabadilisha na kuweka 2.1. Programu iliyobeba JAXB 2.1 ndani ya mashine yenye 2.0 ilikataa kuwaka, na ujumbe wa kosa ulimwelekeza mtumiaji aweke faili la violesura katika folda maalumu ya Java yenyewe. Yaani ili mpangaji apike, ilibidi msingi wa nyumba uchimbwe. Kisha Java 11, mwaka 2018, ikaondoa JAX-WS na JAXB kabisa. Programu nyingi zilizodhani zinategemea hewa zikagundua kuwa zilikuwa zikitegemea jiko.

Pigo kubwa zaidi lilitokana na jina. Java EE ilihamishiwa kwa Eclipse Foundation kuanzia 2017, lakini kampuni ya Oracle ilibaki na haki za jina. Hivyo Jakarta EE 9, iliyotoka mwishoni mwa 2020, ilibadili vifurushi vyote vilivyoanza na javax vya jukwaa hilo vikaanza na jakarta. Java ni kisiwa, Jakarta ni mji ulio juu ya kisiwa hicho. Kijiografia safari ni fupi, lakini kwa msimbo ni bahari. WAR iliyojengwa kwa Tomcat 9 haiendi kwenye Tomcat 10 ilivyo. Ni lazima ipitishwe kwenye kigeuzi, au ijengwe upya. CXF ya mfululizo wa 3 ni ya javax. Ya mfululizo wa 4 ni ya jakarta. Ukibeba zana, sasa unabeba na enzi yake.

Na katika Jakarta EE 9 viwango vya SOAP vimewekwa kwenye fungu la hiari. Maana yake kwa mpangaji ni nyepesi kueleza: mwenye nyumba sasa anaweza kukukodisha nyumba isiyo na jiko bila kuvunja sheria. Ushauri niliokuwa nikiutoa zamani, kwamba huduma ya SOAP itegemee seva kwa kuwa kila seva lazima iwe nayo, umepoteza mguu wake mmoja. Leo, kwa SOAP, naegemea kambi ya pili.

Upande wa REST

Huenda umejiuliza mbona nimekaa sana na SOAP ilhali miradi mipya mingi hutumia REST, mtindo uliopewa jina na Roy Fielding katika tasnifu yake ya 2000. Sababu ni kwamba SOAP ndiyo iliyoacha mifumo mingi inayohitaji kuhamishwa. Lakini somo la jiko halibadiliki.

JAX-RS, kiwango cha Java kwa REST, ilitoka 2008 na kuingia Java EE 6 mwaka uliofuata. Zana zake ni Jersey, RESTEasy, na CXF ileile. Kwa upande wa seva inahama vizuri. Toleo la kwanza halikusema lolote kuhusu upande wa mteja, kila zana ikawa na mtindo wake, mpaka toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilipoziba pengo. Muda wa kusubiri ukapata majina ya pamoja katika 2.1, mwaka 2017. Kilichobaki kuleta shida ni JSON. Jettison, maktaba ya JSON iliyokuwa chaguo la kawaida ndani ya CXF, ilikuwa na mazoea ya kutoa orodha yenye kitu kimoja kama kitu kimoja, siyo kama orodha. Mteja mwenye ankara mbili alionekana vizuri. Mwenye ankara moja alivunja programu ya simu iliyotarajia orodha. Chagua mwenyewe maktaba ya JSON, ibebe, na uitangaze wazi.

Mambo haya hayapo ng'ambo tu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao Eldoret ni miongoni mwa mahali pa mwanzo ulipotumika, ni programu ya Java inayoishi kwenye Tomcat. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, nayo ni Java. Safaricom ilipofungua milango ya M-Pesa kwa waandishi wa programu kupitia jukwaa lake la Daraja, ilichagua REST na JSON. Kijana anayeunganisha mifumo hii Mwanza au Mombasa anakutana na swali la jiko kabla hajajua kuwa ni swali.

Kabla ya kuchagua jina

Basi, ukiwa na mradi mkononi, jiulize kwanza ni seva zipi utazilenga, kwa majina na matoleo, na kama ni za enzi ya javax au jakarta. "Popote" si jibu. Jiulize kama huduma yako inahitaji yale ambayo kiwango hakiyataji, hasa usalama wa ujumbe. Kama ndiyo, beba zana, na CXF ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu inaishi popote penye servleti. Kama hapana, na seva zako zote ni kamili, tumia ya nyumba. Ukirithi mfumo wa Axis ya kwanza, usiuhamishe na kuubadili kwa siku moja. Hamisha kwanza, badili baadaye, ili likitokea kosa ujue limeletwa na lipi.

Vyovyote utakavyoamua, mkataba uwe wako. Andika WSDL, iweke ndani ya WAR, na msimbo uielekeze. Usiiache seva ikutungie, kwa sababu wateja wako wamefungamana na mkataba huo, na seva itakayokuja itautunga kwa mkono wake. Muda wa kusubiri uuandike katika sehemu moja ya msimbo, siyo kuutegemea uliokuja na zana.

Sura zinazofuata zitachukua kila jambo nililoligusa hapa na kulifungua kwa msimbo. Lakini kabla hujafungua ya kwanza nakuomba kazi ndogo ya mkono. Chukua WAR yoyote uliyo nayo, ifungue, ingia WEB-INF/lib. Chora safu mbili kwenye karatasi: "changu" na "cha nyumba". Chukua kila faili la JAR, moja baada ya jingine, uliandike safu mojawapo, ukijua kwa nini liko hapo. Mengi yataingia haraka. Machache utayashika kalamu ikiwa hewani, hujui yaliletwa na nani wala lini. Yaandike kando, uje nayo. Tutaanzia hapo.